Mtoto wa Kampeni

Tarlow, Oklahoma
9 Machi 1980

Mdogo wangu Imogene,

Salamu katika jina la Bwana. Najua utashtuka kuona mwandiko wangu na wala si Krismasi. Huku tu wazima. Mama bado ananichosha kwa maswali. Jana aliniuliza baba yuko wapi, nikamwambia yuko makaburini huu mwaka wa tisa, akasema, "Basi mwambie asichelewe, bamia zinapoa." Upepo wa wiki iliyopita uling'oa paa la banda la kuku ukalitupa uani kwa kina Fenner. Mipichi nayo imechanua mapema mno. Ikirudi baridi, mwaka huu hatuna jemu.

Habari kubwa ni ya shemeji yako. Royce anagombea ubunge wa Washington. Ndiyo, Royce wangu, mhubiri, mwenye koti moja la maana. Usicheke. Miaka minne iliyopita tulimpigia kura huyu rais mkulima wa karanga kwa sababu alisema ameokoka, na ametufanyia nini? Sala bado ni marufuku mashuleni, watoto wanauawa tumboni kwa ruhusa ya serikali, na yale marekebisho yenu ya katiba kuhusu haki za wanawake yangali yanazunguka nchi nzima yakitafuta jimbo la kuyapitisha. Watu wa Mungu wamechoka kunyamaza. Royce anasimama kwa chama cha Republican. Baba asingekubali, najua. Ukutani kwake Roosevelt, rais wa chama kile kingine, alitundikwa kando ya Yesu. Lakini baba hakuyaona haya tunayoyaona sisi.

Kampeni inaendeshwa na Ndugu Wendell Stroud, hujawahi kumwona. Ana orodha ya makanisa mia mbili na kumi, na kwa kila kanisa ana jina la mtu wa kuweka meza mlangoni, ili anayetoka ibadani ajiandikishe kupiga kura kabla hajagusa gari lake. Royce husema bila Wendell yeye ni mhubiri wa njia panda tu.

Sasa nina jambo dogo. Binti yangu Darla anakuja kwako. Atapanda basi Jumanne, Alhamisi atakuwa Duluth. Kwaya na mikutano vimemchosha, anahitaji kupumzika mahali penye ubaridi, mpaka Septemba hivi. Ana miaka kumi na tisa, hatakuwa mzigo, anajua kupika na kufua. Usimwulize maswali mengi. Wala usipige simu nyumbani, maana simu sasa ni ya kampeni na wanaipokea wasichana wa kujitolea.

Sikuja kumzika mumeo Nils, na hukuwahi kunilaumu kwa hilo. Naomba usianze sasa.

Dada yako,
Veda

*

Duluth, Minnesota
30 Machi 1980

Dada Veda,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata kama umekuja na basi. Mimi mzima, ila goti la kulia. Ziwa bado limeganda na meli za madini hazijaanza kutembea. Maktaba wamenipa chumba cha watoto, kwa hiyo siku nzima nasoma hadithi za dubu kwa sauti tatu tofauti. Mbusu Mama. Mwambie hata mimi napika bamia huku, ingawa za kopo.

Darla alifika Alhamisi kama ulivyosema. Alishuka na sanduku moja na joho lake la kwaya begani, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hatujafika kwenye gari, akatapika kwenye theluji. Nikamshika nywele. Akasema, "Samahani, mama mdogo, ni safari." Nikamwambia, "Safari ya miezi mingapi?" Akaanza kulia, na mimi nikamwacha alie.

Ni miezi mitatu na nusu, Dada. Daktari anasema mtoto atazaliwa mwanzoni mwa Septemba. Umeniandikia kuhusu paa la kuku na mipichi na meza za mlangoni, ukajaza karatasi pande mbili, na neno mimba hukuliandika. Ungeniambia ningekwenda stesheni na blanketi.

Nilimwuliza swali moja tu la maana, na nakueleza ili usilisikie kwa mtu mwingine. Nilisema, "Darla, unataka kuzaa? Sheria inakuachia uamue mwenyewe, na utakaloamua nitasimama nawe." Aliniangalia kama nimemtemea mate. "Mama mdogo, huyu ni mtoto." Nikasema, "Haya, ni mtoto," tukanywa supu yetu. Sijalirudia tena.

Baba wa mtoto hamtaji. Nikimgusia, anasema ameahidi.

Amemwahidi nani, Veda? Mwandikie. Kila siku saa tano anakwenda kufungua sanduku la barua, slipa miguuni.

Imogene

*

Tarlow, Oklahoma
18 Mei 1980

Mdogo wangu,

Neema na amani. Nisamehe kwa kuchelewa, hatukai nyumbani. Mama alianguka bafuni, mfupa haukuvunjika. Karakana ya zamani ya baba sasa ndiyo ofisi ya kampeni. Kina mama wa kanisa wanakunja vipeperushi humo kuanzia asubuhi, na mimi nawapikia maharagwe na mkate wa mahindi kwa sufuria ile tuliyokuwa tukichemshia jemu. Usiulize mipichi.

Ungemwona Royce sasa usingemjua. Mwezi uliopita alikwenda kwenye mkutano mkubwa wa maombi kule Washington, akarudi sauti imemkauka na macho yanawaka. Anasema alipogeuka nyuma hakuona mwisho wa watu. Kina mama ambao hawajawahi kupiga kura maishani wanasimama ibadani na kuapa kwamba Novemba watapiga. Bi Opal Fenner, ambaye hata kwa daktari haendi bila ruhusa ya mume, amegonga milango arobaini peke yake. Wewe na wenzako mliandamana mkipaza sauti kwamba wanawake waingie kwenye siasa. Haya, tumeingia.

Watu tumewaambia Darla yuko chuo cha Biblia huko kaskazini. Namtumia vitabu vinne vya ibada na soksi. Mwambie asimwandikie mtu yeyote wa hapa, hata wasichana wa kwaya. Mimi simwandikii kwa sababu barua zetu zinapelekwa posta na vijana wa kampeni, na watu wana macho.

Kuhusu lile swali ulilomwuliza. Ulimwuliza mwanangu, ndani ya nyumba yako, kama anataka kumuua mjukuu wangu. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Nimempa Royce barua yako aisome. Aliikunja akaitia ndani ya Biblia yake.

Veda

*

Duluth, Minnesota
22 Juni 1980

Dada Veda,

Salamu. Barafu imeyeyuka, meli zinapita, majirani wamepanda maua ambayo hayataishi miezi mitatu. Darla ameanza kazi ya asubuhi kwenye duka la mikate. Wanampenda kwa sababu anaimba akikanda unga, na bibi mwenye duka, Mswidi mmoja mkali kuliko baba, amemletea kiti cha kukalia. Miguu yake inavimba. Mtoto anapiga mateke akisikia redio.

Hukusema kama Mama anatembea.

Jumapili iliyopita tulikaa ngazi za nyuma tukimenya viazi. Akaniambia bila mimi kuuliza. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Alikuwa ananichukua kwa gari nikaimbe makanisani kabla Baba hajahutubia. Alisema Mungu amemwonyesha kwamba alikosea kuoa, na kwamba mimi ndiye niliyekusudiwa. Nikamwamini. Mama mdogo, yule mtu huomba mpaka machozi yanamtoka."

"Nani?"

"Wendell Stroud."

Nikaacha kisu. Mwenye mke na watoto watatu, yule wa orodha.

"Baba yako anajua?"

"Nilimwambia mwenyewe, ofisini kwake kanisani. Aliniuliza swali moja tu, 'Nani mwingine anajua?' Akampigia Wendell simu aje. Wakapiga magoti wote wawili, Wendell akalia, Baba akamkumbatia, akamwambia amesamehewa, damu ya Yesu imefuta. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nangoja zamu yangu. Walipoinuka, Baba akanipita akaenda kuandaa kahawa."

Hakumaliza viazi.

Nakuuliza, na ninataka unijibu kwa maandishi. Ulijua? Ulipoandika jina la mtu huyo kwenye barua ya kwanza, mstari mmoja juu ya jina la mwanao, ulijua?

Darla anataka kumlea mtoto wake. Anataka kurudi nyumbani naye mikononi na kuomba msamaha mbele ya kanisa lote kama wanavyofanya wengine. Anasema nyinyi mtamsamehe. Anasema, "Kama Wendell alisamehewa kwa dakika kumi, mimi itachukua saa moja."

Imogene

*

Tarlow, Oklahoma
3 Agosti 1980

Imogene,

Tunaendelea, kwa rehema za Mungu. Joto la mwaka huu halijawahi kuonekana. Kipimajoto cha barazani kimepita digrii mia na kumi za Farenhaiti siku ya kumi na tatu mfululizo. Kuku kumi na nane wamekufa, lami inanata viatuni. Mama analazwa kwenye sakafu ya jikoni juu ya shuka yenye maji. Ndugu Stroud anakusalimu. Alimletea Mama tikiti maji kubwa, akamkatia mwenyewe na kumtolea mbegu. Mke wake ana mimba ya mtoto wa nne, kanisa zima linashangilia.

Umesema nikujibu kwa maandishi. Ninajibu.

Jumapili ya tarehe 20 Royce alihubiri mbele ya watu elfu tatu, kwenye hema, pale uwanja wa maonyesho. Alitoa barua kwenye Biblia. Akasema, "Ndugu zangu, msidhani kifo kiko New York tu. Kimekaa mezani kwetu. Ninaye ndugu wa damu upande wa mke wangu, msomi, mtunza vitabu, aliyemwambia binti mmoja mwenye mimba kwamba sheria inamruhusu. Nina maandishi yake hapa." Akasoma ile sentensi yako. Ile moja tu. Watu walilia, Imogene. Wanaume walivua kofia. Jina lako hakulitaja, lakini Tarlow ina mtunza vitabu mmoja tu aliyehama. Wasichana uliosoma nao wanapita dukani wakinipa pole kwa kuwa na mdogo kama wewe. Picha yako ya sebuleni Mama aliitoa mwenyewe. Aliuliza ni nani huyo, nikamwambia hatumjui.

Royce akasema pia kwamba nyumba yetu imeazimia kumchukua mtoto huyo, imwokoe. Sasa wilaya nzima inamngoja. Wanashona vikofia.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Mtoto akizaliwa atakuwa wetu, kisheria, mtoto wa Royce na Veda Claybourne. Mwanasheria ametayarisha karatasi. Darla atie saini. Asipotia, asijisumbue kuuliza nyumba yetu iko wapi, na huyo bibi wa mikate amwandalie kiti cha milele.

Mchujo wa chama ni tarehe 26. Mtuombee, kama bado unaomba.

Veda

*

Duluth, Minnesota
21 Septemba 1980

Veda,

Leo sina salamu ndefu. Mama mwambie nampenda, hata kama hamnijui.

Mtoto alizaliwa Alhamisi tarehe 4, saa nane mchana, baada ya uchungu wa saa kumi na tisa. Wa kiume. Darla alimwita Ewing, jina la baba. Alinyonya vizuri tangu siku ya kwanza. Bibi wa mikate alileta beseni la fedha alilobatiziwa yeye huko kwao, akaliacha mlangoni bila kugonga, akaenda zake.

Haya yanayofuata unayajua, kwa sababu uliyaona. Lakini nataka uyasome kwa mkono wangu.

Jumatano iliyopita nilitoka kazini saa kumi. Nilikuta Darla ameketi kwenye kochi, amevaa koti, sanduku miguuni. Amefurahi, Veda. Mashavu yamemwiva kwa furaha.

"Mama alikuja!" akaniambia. "Na ndege! Alikuwa na bwana mmoja mwenye mkoba. Mama mdogo, amezeeka, ana mvi hapa. Alimbeba Ewing nusu saa hamwachi."

"Ewing yuko wapi?"

"Wametangulia. Mama amesema ndege haina nafasi ya wote. Mimi ananiletea tiketi, wiki ijayo. Nimetia saini zile karatasi ili watu wasiulize. Nitamlea mwenyewe pale nyumbani, nitalala naye chumba kimoja, ila tu mbele za watu ataitwa mdogo wangu. Mama ameapa."

"Ameapa kwa kitu gani?"

"Aliweka mkono kichwani kwa mtoto."

Hukunisubiri. Miaka tisa hatujaonana, tangu tumzike baba, na maktaba iko mwendo wa dakika sita kutoka mlango wangu. Ulikagua ratiba yangu ya kazi kwenye friji, Darla ameniambia ulikuwa unaisoma. Ulikula kipande cha keki yangu. Ukaosha sahani.

Siku ya tatu maziwa yakamjaa, homa ikampanda. Nilimfunga kifua kwa shuka kama Mama alivyokufunga wewe ulipozaa yule wa kwanza aliyekufa. Unakumbuka ulivyopiga kelele. Yeye hakupiga. Aliuliza tu kama mtoto anakunywa maziwa ya kopo bila kutapika.

Koti bado hajalivua akikaa karibu na simu. Tiketi iko wapi?

Imogene

*

Tarlow, Oklahoma
9 Novemba 1980

Mpendwa Imogene,

Bwana ametenda! Salamu kutoka nyumba ya ushindi. Mama hajambo, alitingishwa na kelele za Jumanne akadhani vita vimekwisha, akawa anamwuliza kila mtu kama kaka yetu amerudi kutoka Korea.

Royce ameshinda kwa kura elfu nne na mia tatu. Jimbo hili la uchaguzi halijawahi kumchagua Mrepublican tangu liumbwe. Na si sisi tu, yule mwigizaji wa California amechukua urais wa nchi nzima, na wazee wa Seneti waliojiona miungu wameanguka mmoja mmoja usiku ule, tukiwa tunahesabu na kupiga makofi. Wakubwa wa televisheni walikuwa wanauliza, hawa watu wametoka wapi? Tulikuwa hapa hapa. Tulikuwa tunawapikia na kuwafulia.

Mtoto tunamwita Josiah. Nilipanda naye jukwaani. Royce alimwinua juu kwa mikono miwili, akasema, "Huyu waliamua asizaliwe!" na ukumbi ukanguruma mpaka akaanza kulia, na kilio chake kikapita kwenye kipaza sauti, watu wakazidi kushangilia. Picha ilitoka magazeti sita. Ana afya. Anakunywa chupa nzima.

Kuhusu Darla. Nilifikiri asubuhi hii nikuandikie kwa upole, lakini upole utakuchelewesha kuelewa. Asije Krismasi. Asije. Mtoto ana kidevu chake, ana ule upara wa nyusi wa kushoto, mtu akiwaweka pamoja hahitaji miwani. Waandishi wanakuja hapa kila siku. Ndugu Stroud atakuwa mkuu wa ofisi yetu Washington, na mke wake anajifungua mwezi huu, mwanamke yule hastahili aibu. Mwambie Darla kwamba kila kitu kina wakati wake. Mwambie amalize kitu, asomee ukarani.

Ndiyo, niliapa. Ningeapa tena. Alikuwa amemshika kwa nguvu mno, Imogene, nilihitaji aachie.

Veda

*

Duluth, Minnesota
4 Januari 1981

Veda,

Mwaka mpya umefika. Niko mzima. Ziwa linaganda.

Barua yako ya Novemba sikumsomea. Nilimwambia umechelewa, una shughuli. Huo ni uongo wangu na nitaubeba mwenyewe, maana ningemwambia ukweli asingepanda basi. Tarehe 18 Desemba niliamka nikakuta kitanda kimetandikwa na joho la kwaya halipo.

Ulikuwepo kwa hiyo nitasema kifupi, na utanisahihisha kama alidanganya. Alifika kanisani Jumapili, ibada ya Krismasi imeshaanza. Alivaa joho lake kwenye ukumbi wa nje, akaingia kwa njia ya katikati, akaenda kusimama mahali pake pa zamani, safu ya pili. Wasichana wakamsogelea wakampa nafasi. Akaimba beti mbili nzima. Anasema zilikuwa beti nzuri.

Kisha akakuona umekaa mbele na mtoto. Akaacha kuimba. Akaita, "Ewing!"

Mtoto akageuka, anasema. Mimi najua mtoto wa miezi mitatu hugeukia sauti yoyote. Sikumwambia.

Royce akainua mkono piano ikanyamaza. Akasema kwa sauti ya huzuni kabisa, "Kanisa, mnamwona binti yangu. Amerudi kwetu kutoka nyumba ya yule ndugu niliyewaambia. Mnaona walivyomfanya. Akili yake imeguswa. Tuinamishe vichwa." Na watu mia saba wakainamisha vichwa. Vichwa vikiwa chini, Wendell Stroud na mashemasi wawili wakamshika mikono wakamtoa kwa mlango wa pembeni. Darla anasema Wendell alimnong'oneza, "Usinifanyie hivi, Darla, nina familia." Alisema anaweza kusahau mengine, lakini hilo lilimchekesha, akacheka, na waliokuwa wanaomba wakasikia anacheka, wakazidi kuomba.

Alipita hatua mbili kutoka ulipokaa. Ulikuwa umeinamisha kichwa?

Walimpandisha basi na joho lile lile, bila koti, Desemba. Vidole viwili vya mguu wa kushoto amevipoteza kwa kuganda na baridi. Yuko hospitali, na tangu aliponisimulia haya haongei na mtu, anakunja kona za shuka na kuzikunjua. Bibi wa mikate anakuja kumlisha. Mimi hanitaki, kwa sababu nilimficha barua yako.

Nina barua zako zote nne, Veda. Ile ya Machi yenye "jambo dogo". Ile ya Agosti yenye karatasi za mwanasheria. Ya Novemba, "ningeapa tena." Kesho nazipeleka kwa Gaylon Pruitt, mhariri wa gazeti la wilaya yenu, kwa posta ya kusainiwa. Waliowapigia kura wajue walimpigia nani.

Nakupa taarifa kwa sababu wewe ni dada yangu.

Imogene

*

Washington
8 Februari 1981

Mdogo wangu Imogene,

Salamu kutoka mji huu, ambapo kila mtu anatembea haraka na biskuti za asubuhi hazina ladha ya siagi. Mama tumemweka nyumba ya wazee kule Tarlow. Ana dirisha. Royce ameapishwa, amepewa kiti kwenye kamati ya elimu. Mimi nimeitwa chakula cha mchana na wake wa wabunge mara tatu, na mara zote nimevaa gauni lile lile la bluu.

Gaylon Pruitt alipokea kifurushi chako tarehe 9. Alimpigia Royce simu siku hiyo hiyo kabla hajamaliza kusoma. Baada ya siku mbili alikileta mwenyewe nyumbani kwetu Tarlow, akala pai ya njugu za pekani na kunywa kahawa. Barua ziko kwenye meko yetu, yaani majivu yake. Ungezinakili kwanza, mdogo wangu. Mtu wa maktaba!

Lakini hata ungezinakili. Nikuambie kitu ambacho hukukijua, wala mimi sikukijua mpaka Gaylon aliponiambia huku anafuta makombo mdomoni. Nilimwuliza, "Na wengine wakisikia?" Akacheka. "Veda, wasikie nini? Mke wangu alianza kuhesabu miezi tangu Pasaka. Opal Fenner alinunua uzi wa samawati mwezi wa sita. Mashemasi wanajua, kwaya inajua, wanaokunja vipeperushi walikuwa wanajua kuliko wewe. Kila mtu anajua huyo mtoto ni wa nani, kwa mama na kwa baba."

Nikasema, "Na mkapiga kura?"

Akasema, "Sasa tungempigia nani? Yule mwingine?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mwanangu alitolewa kanisani ili lisijulikane jambo ambalo watu mia saba walikuwa wanalijua vichwa vikiwa chini. Hakukuwa na haja. Angeweza kukaa chumbani kwake muda wote ule, angemnyonyesha mwenyewe, na tungeshinda kwa kura zile zile elfu nne na mia tatu. Nilipomwambia Royce alisema ni neema, kwamba kanisa limetufunika. Akarudi kwenye hotuba yake. Ni kuhusu familia.

Umeniuliza kama niliinamisha kichwa. Sikuinamisha. Nilimwangalia mpaka mlango ulipofungwa, na sikuinuka. Mtoto alikuwa amelala mkono wangu wa kulia na nilijua nikisimama ataamka.

Usiandike tena kwa anwani hii, barua hufunguliwa ofisini kwa Ndugu Stroud. Hii nimeitia posta kwa mkono wangu, nimesema naenda kununua nepi.

Jana Josiah ameota jino la kwanza, chini, upande wa kushoto. Niliona linang'aa nikapiga kelele. Nyumba ilikuwa tupu. Nilizunguka vyumba vyote na mtoto kiunoni nikitafuta wa kumwambia, nikakosa, na ndiyo sababu nimekuandikia.

Usimwambie Darla.

Veda